Kishikwambi cha marehemu kimefungwa: familia za mpakani Busia zifanye nini?

Kaunti ndogo ya Sikuda iko wilayani Busia, mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka ambao wakazi wake huuvuka kama watu wa kwingine wavukavyo barabara. Mtu analima upande mmoja, anauza upande wa pili, na ana laini mbili za simu: moja ya MTN au Airtel ya Uganda, nyingine ya Safaricom ya Kenya. Mtu huyo akifariki dunia, wazee wanajua namna ya kukaa na kuzungumzia shamba, mifugo na duka. Kinachowashinda ni kishikwambi, au tabuleti kama wengi wanavyokiita, kilichobaki juu ya kabati kikiwa kimefungwa kwa namba ya siri ambayo marehemu aliijua peke yake.

Ndani ya kifaa hicho huenda mna orodha ya wadeni wa duka, picha za mkataba wa kununua ardhi, stakabadhi za karo, mazungumzo na wanunuzi wa mahindi, na sauti ya marehemu akizungumza na wanawe. Baadhi ya vitu hivyo vina thamani mbele ya hakimu; vingine vina thamani kwa mjane peke yake. Vyote vinaweza kutoweka kwa dakika chache, na mara nyingi anayevifuta si mwizi bali ni ndugu aliyetaka kusaidia.

Jambo la kueleweka mapema ni kwamba kukifungua kifaa na kuyapata yaliyomo ni mambo mawili tofauti. La kwanza linawezekana karibu kila mara. La pili halina uhakika, na njia ya mkato ya kulifikia la kwanza ndiyo hasa inayoliangamiza la pili.

Kufuli si moja

Familia nyingi huona kufuli moja tu, ile ya kwenye kioo. Kwa kweli zinaweza kuwa tatu.

Ya kwanza ni namba ya siri, mchoro au alama ya kidole. Hii ndiyo inayolinda picha na maandishi. Ya pili ni kufuli ya akaunti: kifaa kikishafutwa na kurudishwa kama kilivyotoka kiwandani, huuliza barua pepe na nenosiri la mwenye kifaa kabla ya kukubali kutumika tena. Apple inayo kufuli hiyo katika iPad, na vifaa vya Android vimekuwa nayo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015. Iliwekwa ili kuwakatisha tamaa wezi, lakini haiwezi kumtambua mwizi na kumtofautisha na mtoto wa marehemu.

Ya tatu husahaulika. Kifaa kilichonunuliwa kwa mkopo wa malipo ya kidogo kidogo, mtindo ulioenezwa Kenya na Uganda na kampuni kama M-KOPA, kinaweza kufungwa kutoka mbali malipo yakikatika. Katika hali hiyo kilichozuia ni deni, na mazungumzo yanapaswa kuwa na mkopeshaji. Vilevile kishikwambi kinaweza kuwa si mali ya marehemu kabisa. Kenya iliendesha sensa ya mwaka 2019 kwa vishikwambi, Tanzania ikafuata mwaka 2022 na Uganda mwaka 2024. Walimu, wahudumu wa afya vijijini na watumishi wa mashirika hukabidhiwa vifaa kama hivyo kwa kazi. Kifaa cha mwajiri hurudi kwa mwajiri, na familia inachoweza kuomba ni nakala za mambo binafsi yaliyomo.

Kwa nini hata aliyekitengeneza hakifungui

Watu wengi huamini kwamba kampuni kubwa ina ufunguo wa akiba mahali fulani. Kwa vifaa vya miaka ya karibuni, haina. Data iliyomo huhifadhiwa katika hali ya fumbo, na ufunguo wa kulifumbua hutengenezwa kwa kuunganisha namba ya siri na namba nyingine iliyofichwa ndani ya kifaa chenyewe. Ukiitoa hifadhi na kuipeleka kwenye mashine nyingine, utapata herufi zisizo na maana. Kukisia nako hulazimika kufanyika kwenye kifaa kilekile, ambacho humchelewesha mkisiaji zaidi kadiri anavyokosea. iPad ikikosewa mara nyingi mfululizo hujifungia, na mwenyewe akiwa ameiwekea amri hiyo, hujifuta baada ya mara ya kumi.

Uzito wa kufuli hizi ulionekana duniani kote mwaka 2016, pale mahakama ya Marekani ilipoiamuru Apple iwasaidie wapelelezi wa FBI kuifungua simu ya mmoja wa washambuliaji wa San Bernardino, California. Apple ilikataa kuandika programu ya kudhoofisha ulinzi huo. Kesi iliisha bila uamuzi wa mwisho, kwa sababu wapelelezi walipata njia kupitia mtu wa tatu. Ikiwa dola lenye uwezo kama huo lilihangaika hivyo, familia ya Sikuda haina sababu ya kuona haya kwa kushindwa.

Vipo vighairi. Kishikwambi cha zamani cha Android, hasa cha bei nafuu cha kabla ya toleo la 6, huenda hakikuhifadhi data kwa fumbo, na fundi mwenye vifaa anaweza kuisoma hifadhi yake bila kuifuta. Kwa hiyo umri wa kifaa ni habari ya kwanza ya kutafuta, na mara nyingi jina la modeli limeandikwa kwa herufi ndogo mgongoni.

Siku za mwanzo

Katika siku za matanga kifaa hupita mikono mingi. Kila anayekishika hujaribu mwaka wa kuzaliwa wa marehemu, kisha wa mkewe, kisha wa kifungua mimba. Ni jambo la kibinadamu, na ndilo la hatari zaidi. Afadhali mtu mmoja akabidhiwe kifaa, na kila jaribio liandikwe kwenye karatasi ili lisirudiwe.

Kifaa kisizimwe. Hili huenda kinyume na hisia ya wengi, ambao hukizima ili kukihifadhi. Kifaa kilichokuwa kimefunguliwa japo mara moja tangu kilipowashwa huendelea kufanya kazi zake chinichini hata kioo kikiwa kimefungwa. Kikiwekwa kwenye chaji, katika nyumba yenye Wi-Fi ambayo marehemu aliizoea, kinaweza kuendelea kupeleka picha na nakala rudufu kwenye akaunti yake, iwapo aliruhusu hilo. Kikizimwa na kuwashwa upya, kazi hizo husimama hadi namba ya siri iingizwe. Kwenye kijiji ambacho umeme hukatika au nyumba haina Wi-Fi, kukihamishia kifaa kwa siku chache mahali ambapo marehemu alizoea kupata intaneti kunaweza kuokoa miezi ya mwisho ya maisha yake.

Kadi ya kumbukumbu nayo itazamwe. Vishikwambi vingi vya Android vina nafasi yake, na wenye hifadhi ndogo huelekeza picha huko. Isipokuwa mwenyewe aliisimba, kadi hiyo husomeka kwenye simu au kompyuta yoyote. Inasikitisha kuona familia ikihangaika na mafundi wiki nzima huku picha zote ziko kwenye kijipande kidogo kuliko ukucha.

Kuhusu kidole cha marehemu, suala ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: karibu kila mara halifai. Vihisi vingi vya alama za vidole hutegemea sifa za umeme za ngozi ya mtu aliye hai, na vifaa vya Apple hudai namba ya siri vikikaa saa 48 bila kufunguliwa au vikiwashwa upya. Mwaka 2018 askari wa mji wa Largo, Florida, walikwenda hadi kwenye nyumba ya mazishi na kujaribu kidole cha mtu aliyekufa kwenye simu yake. Hawakufanikiwa, na walichokipata ni lawama ya familia.

Kwa fundi

Pande zote mbili za mpaka hapakosekani kibanda cha fundi simu. Mafundi hao ni watu wa msaada mkubwa, lakini swali wanalojibu ni la namna ya kukifanya kifaa kitumike tena, na jibu lake ni kukiflashi: kufuta kila kitu na kuweka mfumo mpya. Anayetaka kifaa cha kutumia atatoka na furaha. Anayetaka picha atatoka na kifaa kitupu.

Kabla ya kukabidhi, mwenye kifaa aulize kwa maneno yasiyo na utata: je, yaliyomo yatabaki? Fundi mwaminifu atasema hapana pale ambapo ni hapana. Jambo jingine ni ushahidi. Fundi yeyote mwenye busara ana haki ya kutaka kuona cheti cha kifo na barua ya uongozi wa kijiji, kwa maana sheria za pande zote mbili, ile ya Uganda ya mwaka 2011 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na ile ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mtandaoni, zinahesabu kuingia katika kifaa au mfumo bila idhini kuwa kosa.

Njia ya akaunti

Mara nyingi yaliyomo hupatikana nje ya kioo, kwenye akaunti. Kishikwambi cha Android kwa kawaida huwa na akaunti ya Google, na picha, anwani na barua pepe huweza kuwa zimehifadhiwa huko. Google ina ukurasa maalumu wa maombi kuhusu mtumiaji aliyefariki. Haitoi nenosiri kwa yeyote, lakini inaweza kufunga akaunti na, katika hali fulani, kutoa baadhi ya yaliyomo baada ya kupitia nyaraka. Muda nao una mipaka yake: tangu Desemba 2023 Google huweza kufuta akaunti binafsi iliyokaa miaka miwili bila kutumiwa.

Kwa iPad, mambo yalibadilika Desemba 2021, Apple ilipoanzisha utaratibu wa mrithi wa kidijitali. Mtu akiwa hai huteua mtu mmoja au zaidi, ambao hupewa ufunguo wa maandishi. Baada ya kifo, mteule hupeleka ufunguo huo pamoja na cheti cha kifo, na akikubaliwa hupewa miaka mitatu ya kuzifikia picha, ujumbe na nakala rudufu zilizoko kwenye iCloud. Manenosiri yaliyohifadhiwa hayamo. Pasipokuwa na mteule, Apple huweza kutaka amri ya mahakama inayomtaja marehemu, akaunti yake na mwakilishi halali wa mirathi. Hata hivyo, kampuni inasema wazi kwamba haiwezi kuondoa namba ya siri ya kioo bila kufuta kifaa.

Masharti haya yamewahi kuzua manung'uniko hata kwenye nchi zenye mifumo iliyokomaa. Mwaka 2014 ndugu wawili wa London walieleza jinsi walivyorithi iPad ya mama yao kwa wosia, wakapeleka cheti cha kifo na barua ya wakili, na bado wakaambiwa walete amri ya mahakama. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi: Julai 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba wazazi wa msichana aliyefariki wanairithi akaunti yake ya Facebook kama wanavyorithi barua na shajara.

Karatasi za nchi mbili

Hapa ndipo mpaka unapoleta maswali yake. Cheti cha kifo hutolewa na nchi ambamo kifo kimetokea. Mkazi wa Sikuda aliyefia katika hospitali ya Masafu ataandikishwa na mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda, NIRA. Aliyevushwa na kufia katika hospitali ya rufaa ya kaunti ya Busia, Kenya, ataandikishwa na idara ya usajili ya Kenya. Nafuu ni kwamba vyeti vyote viwili hutolewa kwa Kiingereza, hivyo kampuni za nje hazitadai tafsiri.

Sheria ipi inatawala mirathi ni swali tofauti na mahali pa kifo. Sheria ya Mirathi ya Uganda, ambayo asili yake ni mwaka 1906, na ile ya Kenya ya mwaka 1972 zinakubaliana: ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo, na mali inayohamishika hufuata sheria ya nchi ambayo marehemu aliifanya makazi yake ya kudumu. Kishikwambi ni mali inayohamishika. Kwa hiyo kifaa cha mkazi wa Sikuda kilichoachwa dukani Busia ya Kenya kitarithiwa kwa sheria ya Uganda, ilhali kipande cha ardhi alichonunua Kenya kitafuata sheria ya Kenya.

Nchini Uganda safari huanza kwa barua ya mwenyekiti wa LC1, kisha ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi ya serikali, ambayo hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Mjane au mgane, na msimamizi aliyetajwa kwenye wosia, hawafungwi na hatua hiyo ya pili. Baada ya hapo ni mahakama, na kwa mirathi midogo mahakama za mahakimu zina uwezo. Kenya, barua ni ya chifu, ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Hati iliyotolewa upande mmoja haijifanyii kazi upande wa pili. Hupelekwa mahakamani huko kugongwa muhuri upya, utaratibu ambao sheria za nchi zote mbili zinaujua.

Hakuna sheria kati ya hizo mbili iliyoandikwa kwa kufikiria picha zilizo kwenye seva za ng'ambo, na si rahisi kulilaumu bunge la 1972 kwa hilo. Lakini hati ya usimamizi wa mirathi ndiyo karatasi ambayo kampuni huitambua, na ni vyema wakili au karani aombwe akitaje kifaa na akaunti kwa jina. Majina nayo yalingane. Wengi hufungua barua pepe kwa jina la utani au la ubatizo lisilo kwenye kitambulisho, na kiapo cha kuthibitisha kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja huokoa wiki nyingi za kuandikiana.

Mwenye haki ya kukishika kifaa ni nani? Marekebisho ya mwaka 2022 ya sheria ya Uganda yanampa mwenzi wa ndoa asilimia 20 ya mali ya aliyekufa bila wosia, watoto asilimia 75, wategemezi asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Shemeji anayekichukua kifaa siku ya maziko kwa hoja ya mila ana hoja nyembamba sana. Kenya, kujiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Laini za simu

Laini ya marehemu ina mambo mawili ndani yake: pesa, na namba ambayo misimbo ya kuthibitisha akaunti hutumwa. Kuhusu pesa hakuna mjadala. Salio la M-Pesa au la pesa za simu upande wa Uganda ni sehemu ya mirathi, na kulitoa kwa namba ya siri ya marehemu, hata kama aliwahi kuitaja, ni kujiingiza katika mali yake. Kampuni za simu hulilipa kwa warithi wanaopeleka cheti cha kifo, vitambulisho na uthibitisho wa urithi.

Kuhusu namba, mambo ni magumu zaidi. Laini isiyotumika hatimaye hufungwa na huweza kupewa mtu mwingine, na akaunti ya WhatsApp isiyounganishwa kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Familia ikiiripoti laini mapema, inafungwa, ikichelewa, inapotea. Njia salama ni kuitunza kadi yenyewe, kufuatilia hati ya mirathi bila kuchelewa, na kumweleza msimamizi kwamba namba hiyo imefungamana na akaunti, ili aombe maelekezo ya kampuni kabla haijafungwa.

Kwa walio hai

Kazi yote hii hupungua sana mwenye kifaa akitumia robo saa akiwa mzima. Kwenye Google kuna sehemu ya kusimamia akaunti isiyotumika, iliyoanzishwa mwaka 2013: mtumiaji huchagua muda wa ukimya, kuanzia miezi 3 hadi 18, na kutaja hadi watu 10 watakaojulishwa na kupewa ruhusa ya kupakua anachokubali wakione. Kwenye iPad ni kumteua mrithi wa kidijitali, na ufunguo wake unaweza kuchapishwa kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na hati za shamba.